Wamepotea au Walipotea? Manowari Sydney (1941) na Kumbukumbu za Familia za Mabaharia wa Australia

Jioni ya tarehe 19 Novemba 1941, katika Bahari ya Hindi, magharibi ya pwani ya Australia, manowari ya Australia iliyoitwa Sydney ilikutana na meli ya Kijerumani iliyojifanya kuwa meli ya biashara. Zikapigana, na zote mbili zikazama. Kwa upande wa Wajerumani waliokoka watu 318. Kwa upande wa Waaustralia walikuwamo watu 645, na hakuokoka hata mmoja.

Makala haya hayakusudii kusimulia upya vita hivyo kwa ajili ya wapenda mizinga. Linalotushughulisha ni jambo jingine: watu 645 wanapotoweka pamoja, na mashahidi pekee waliobaki ni wale waliowaua, familia zitaamini neno la nani? Kwa muda wa miaka 66 swali hilo halikuwa la falsafa hata kidogo. Lilikuwa swali la mezani, la wazazi, wajane na watoto, na jinsi lilivyojibiwa hatimaye lina mafunzo kwa kila mtu anayekusanya masimulizi ya mdomo, awe Fremantle au Lubumbashi. Sisi tunaoishi katika nyanda za juu za Katanga hatuna bahari; lakini tunao wazee waliokwenda Abisinia na kuingia Saio mwezi wa Julai 1941, mwaka ule ule, na tunajua jinsi habari za vita vya mbali zinavyofika nyumbani zikiwa vipande vipande.

Jina na sifa yake

Hatuna budi kuanza na jina. Manowari Sydney ya kwanza ndiyo iliyoiangamiza meli ya Kijerumani Emden katika visiwa vya Cocos tarehe 9 Novemba 1914, ushindi wa kwanza mkubwa wa jeshi la majini la Australia, ambalo wakati huo lilikuwa bado changa. (Wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki watavutiwa kujua kwamba manowari nyingine ya Australia, Pioneer, ilishiriki mwaka 1915 katika kuizingira meli Königsberg kwenye mto Rufiji. Habari hiyo ingestahili makala ya peke yake.) Kwa hiyo Sydney ya pili, iliyoundwa Uingereza kwenye mto Tyne na kushushwa majini mwaka 1934, ilizaliwa ikiwa na deni la sifa.

Nayo ililipa. Tarehe 19 Julai 1940, karibu na rasi ya Spada katika kisiwa cha Krete, ikiongozwa na Kapteni John Collins, iliizamisha manowari ya Kiitalia Bartolomeo Colleoni. Iliporudi katika mji wa Sydney mwezi wa Februari 1941, mabaharia waliandamana barabarani mbele ya umati mkubwa, na wanafunzi wa shule walipewa mapumziko ili wakawashangilie. Jambo hili si pambo la hadithi. Watoto waliopunga bendera siku ile ndio waliokuja kuwa wazee wa miaka ya 1990, na wengi wao walikumbuka kwanza barabara iliyojaa watu, kisha ukimya uliofuata miezi tisa baadaye. Kumbukumbu ya msiba wao ilijengwa juu ya kumbukumbu ya sherehe.

Mwezi wa Mei 1941 Collins alikabidhi uongozi kwa Kapteni Joseph Burnett. Tarehe 11 Novemba manowari iliondoka Fremantle ikiisindikiza meli ya askari, Zealandia, hadi mlango wa bahari wa Sunda. Huko, tarehe 17, iliikabidhi kwa manowari ya Kiingereza, ikageuza omo kurudi kusini. Ilitazamiwa kufika Fremantle tarehe 20.

Herufi mbili

Meli iliyokutana nayo iliitwa Kormoran, chini ya Theodor Detmers. Ilikuwa meli ya mizigo iliyofichwa mizinga, topido na mamia ya mabomu ya kutega baharini. Ilikuwa imekwisha kuteka au kuzamisha meli kumi na moja katika Atlantiki na Bahari ya Hindi. Ya mwisho, mnamo Septemba 1941, ilikuwa meli ya Kigiriki iliyotoka Mombasa ikielekea Colombo. Kazi ya meli kama hiyo ni udanganyifu: rangi ya watu wengine, bendera ya watu wengine, jina la watu wengine. Siku ile Kormoran ilijiita Straat Malakka, meli halisi ya Kiholanzi.

Kwa kuwa sisi ni watu wa lugha, na tutulie kidogo hapa, maana yaliyotokea kati ya saa kumi na saa kumi na moja na nusu jioni ile yalikuwa, kabla ya mizinga kusema, mazungumzo. Manowari iliuliza jina. Meli ikajibu kwa bendera za ishara, polepole, kwa namna ya mabaharia wa biashara wasio na mazoezi. Manowari iliuliza iendako, ikajibiwa Batavia. Huku ikiuliza, ikazidi kusogea. Mwishowe iliuliza swali ambalo halikuweza kujibiwa kwa uongo. Kila meli ya biashara ya upande wa Washirika ilikuwa na alama yake ya siri ya herufi nne. Manowari huonyesha herufi mbili za katikati, na meli ya kweli hujibu kwa herufi ya kwanza na ya mwisho. Alama ya Straat Malakka ilikuwa IIKP. Manowari ikapandisha IK.

Wajerumani wakafungua kitabu cha ishara za kimataifa. Humo IK ilikuwa na maana ya kawaida kabisa, onyo la kujiandaa kwa tufani. Walijua kwamba haiwezi kuwa maana iliyokusudiwa, wala hawakuwa na jibu. Detmers akashusha bendera ya Uholanzi, akapandisha ya Ujerumani, akaamuru mizinga ifyatue. Umbali, kwa kauli za Wajerumani wenyewe, ulikuwa kati ya mita elfu moja na elfu moja mia tano hivi. Kwa manowari yenye mizinga yenye uwezo wa kupiga mbali mara kumi na zaidi, huo ni umbali wa kunyosheana mikono.

Risasi za kwanza zilipiga daraja la uongozi. Topido ikapiga upande wa omo. Sydney nayo ilijibu, ikaitia Kormoran moto katika chumba cha mitambo, jeraha ambalo lilimlazimu Detmers kuiacha meli yake na kuilipua usiku ule. Kisha manowari, ikiwaka, ikaondoka polepole kuelekea kusini-mashariki. Wajerumani waliokuwa katika mashua waliuona mng'ao wake kwenye upeo wa bahari kwa saa kadhaa. Halafu hawakuuona tena.

Huo ndio ushahidi wote. Hakuna baharia wa Australia aliyesimulia hata neno moja.

Neno lililoandikwa kwenye telegramu

Siku nne zilipita kabla ya wakuu wa jeshi kushtuka, kwa maana ilikuwa kawaida manowari kunyamaza na kuchelewa. Meli kubwa Aquitania iliwaokoa Wajerumani 26 tarehe 23 Novemba, lakini haikutangaza kwa redio kwa kuogopa kusikika na adui. Meli ya mafuta Trocas ikawakuta wengine 25 tarehe 24, ikatoa habari. Mashua mbili zilifika zenyewe pwani, kaskazini ya Carnarvon, zikiwa na watu 103. Hapo ndipo ndege na meli zilipopelekwa kutafuta. Kwa upande wa Sydney kilichopatikana ni chelezo kimoja cha kuokolea, chenye matundu ya vipande vya mabomu, ambacho sasa kimehifadhiwa katika Makumbusho ya Vita ya Australia huko Canberra, na vitu vichache vya kuelea.

Serikali ilizuia magazeti na redio kutaja jina la manowari. Matokeo yake yanaweza kutabiriwa na yeyote aliyewahi kuishi chini ya udhibiti wa habari: katazo lenyewe likawa habari. Uvumi ulizagaa madukani na katika magari ya abiria. Telegramu zilipelekwa kwa familia tarehe 26 Novemba, na Waziri Mkuu John Curtin alitangaza rasmi tarehe 30. Yaani kwa siku kadhaa kulikuwa na nyumba zilizojua, nyumba zilizosikia uvumi, na nyumba zilizokuwa bado zinaandika barua kwa mwana wao.

Telegramu ile haikusema kwamba mtu amekufa. Ilitumia neno la Kiingereza ambalo sisi tungelifasiri kwa kitenzi kupotea. Twajua katika sarufi ya Kiswahili sanifu kwamba kiambishi -me- hakielezi tu tendo lililokwisha. Chaeleza hali iliyotokana na tendo hilo na ambayo bado ipo. Anayesema "amepotea" anasema kwamba hadi dakika hii hajaonekana, na hivyo anaacha mlango wazi. Anayesema "alipotea" ameufunga mlango, iwe kwa kuwa mtu alipatikana au kwa kuwa habari ni ya zamani. (Msemaji wa Lubumbashi, ambaye mara nyingi huibebesha -li- mzigo wa -me-, atatutaka radhi kwa ubaguzi huu wa kisarufi, lakini hata yeye hushusha sauti anapotaja aliyepotea kuliko anapotaja aliyekufa.) Neno lile la telegramu lilikuwa -me- tupu. Hakukuwa na maiti, hakukuwa na kaburi, hakukuwa na mahali pa kuelekeza uso.

Ndiyo maana familia nyingi zilingoja. Uvumi ulisema kwamba baadhi ya mabaharia wamechukuliwa mateka Japani, na wako waliouamini hadi kambi za mateka zilipofunguliwa mwaka 1945 na hakutoka mtu. Wakati huohuo wananchi walichanga zaidi ya pauni laki nne kwa ajili ya kununua meli ya kushika nafasi ya Sydney, na fedha hizo zilisaidia kununua meli ya kubebea ndege iliyopewa jina lile lile mwaka 1948. Taifa likapata Sydney nyingine. Kwa nyumba zile hapakuwa na mfuko wa namna hiyo.

Mtu asidhani kwamba wote 645 walikuwa mabaharia wa kazi. Walikuwamo watu sita wa jeshi la anga, kwa ajili ya ndege ndogo ya manowari, na raia wanne waliouza duka la ndani. Katika kumbukumbu rasmi za vita raia hawa wanne walikuwa wepesi kusahauliwa. Katika kumbukumbu za nyumbani, la.

Miaka ya shaka

Masimulizi ya Wajerumani yalikubaliwa na wanahistoria rasmi wa Australia, lakini hayakukubaliwa na wote. Jinsi gani, watu waliuliza, meli ya mizigo iizamishe manowari iliyoishinda Bartolomeo Colleoni? Vipi Wajerumani 318 waokoke na Waaustralia wasiokoke hata mmoja? Kwa nini nahodha mwenye ujuzi asogee kiasi kile? Kila swali lilikuwa la haki. Majibu yaliyotolewa hayakuwa hivyo sikuzote.

Mwaka 1981 Michael Montgomery, mwana wa afisa aliyekuwa mwongoza njia wa Sydney, alichapisha kitabu kilichodai kwamba nyambizi ya Kijapani ilihusika, wiki tatu kabla ya Japani kuingia vitani, na kwamba walionusurika waliuawa majini. Mwaka 1984 Barbara Winter akamjibu kwa kitabu kilichoyatetea masimulizi ya Wajerumani kwa nyaraka. Mwaka 1993 Tom Frame akatoa kingine. Tumesoma kwamba wanataaluma wengi walimdharau Montgomery. Kwetu sisi hukumu hiyo ni nusu ya haki. Hitimisho lake halikusimama, hilo ni wazi leo. Lakini aliyeandika alikuwa mtoto aliyekua bila baba, na swali lake liliwalazimisha wengine kufungua majalada ambayo yangeendelea kulala. Kosa lake ni lile linalotuvizia sote tunaofanya utafiti juu ya jambo lililotuumiza: kudhani kwamba ukubwa wa msiba hudai sababu yenye ukubwa uleule.

Kamati ya Bunge la Australia ilichunguza suala hili kuanzia mwaka 1997 na kutoa ripoti mwaka 1999. Maandishi yaliyopelekwa kwake na jamaa, mabaharia wastaafu na watafiti yalijaza majuzuu mengi. Hapo kumbukumbu za nyumbani ziliingia kwa mara ya kwanza katika hifadhi ya dola zikiwa zimesainiwa. Baadhi yake ni ushahidi wa mkono wa kwanza wa siku za telegramu, na hizo ni hazina. Baadhi ni habari za mtu aliyesikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu, kwa mfano kwamba fulani aliunasa mlio wa redio wa manowari usiku ule. Ni vigumu sana kuzitenganisha, kwa kuwa ndani ya familia zote husimuliwa kwa sauti ileile na kwenye meza ileile.

Kumbukumbu ya adui

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo, kwa maoni yetu, ndiyo kiini.

Wajerumani waliookolewa walihojiwa mmoja mmoja mwaka 1941. Walitoa mahali pa vita kwa takriban: nyuzi 26 kusini, nyuzi 111 mashariki. Wengine walitaja mahali tofauti kidogo. Mabaharia wa kawaida walirudia walichosikia kwa wenzao mashuani. Wenye shaka walisema: tofauti hizo zathibitisha uongo. Wengine, kinyume chake, walisema: kufanana kwao kwathibitisha kwamba walifundishwa la kusema. Ushahidi ukitofautiana ni uongo, ukifanana ni njama. Basi hakuna ushahidi ambao ungeweza kuwaridhisha watu hao.

Detmers mwenyewe, akiwa mateka huko Australia, aliandika taarifa ya vita kwa njia ya ajabu. Alichukua kamusi ya Kijerumani na Kiingereza, akatia vitone vidogo chini ya herufi, moja baada ya nyingine, katika ukurasa baada ya ukurasa. Anayezisoma herufi zenye vitone kwa mfuatano hupata taarifa ya meli. Wapenzi wa kamusi tuna sababu ya kutabasamu, lakini uzito wake ni huu: taarifa iliyofichwa hivyo ilikusudiwa wakuu wake wa Ujerumani, si wahoji wa Australia. Hakuwa na haja ya kuwadanganya watu wake mwenyewe kuhusu mahali na mwenendo wa vita. Na kilichomo chalingana na alichowaambia wahoji.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanasaikolojia wawili wa Australia, Kim Kirsner na John Dunn, walizikusanya kauli zote hizo za mahali, makumi kadhaa, wakaziangalia kwa namna mpya. Hawakuuliza ni nani anayesema kweli. Waliuliza: kundi la kauli lina sura gani pale ambapo watu wachache wanajua jambo, kisha habari inapita kutoka mdomo hadi mdomo na kuchakaa njiani? Kwa hilo walirejea majaribio ya Frederic Bartlett, wa Cambridge, aliyechapisha mwaka 1932 kitabu juu ya kukumbuka, ambamo hadithi moja ilipitishwa kutoka mtu hadi mtu. Wakaona kwamba mtawanyiko wa kauli za Wajerumani una sura ya kumbukumbu ya kweli iliyochakaa, wala si ya uongo uliotungwa. Wakataja mahali baharini.

Msomaji wa Kongo atakuwa ameshakumbuka jina jingine. Jan Vansina, katika kitabu chake juu ya mapokeo ya mdomo kilichochapishwa mwaka 1961 na kujengwa kwa kiasi kikubwa juu ya kazi yake kwa Wakuba wa Kasai, alifundisha kwamba kutofautiana kwa wasimulizi si sababu ya kuwatupa, bali ni nyenzo ya kupima njia ambayo habari imepitia. Kirsner na Dunn walifika kwa njia ya maabara mahali ambapo watafiti wa mapokeo ya Kiafrika walikwisha kufika kwa njia ya kuketi na wazee.

Machi 2008

Tarehe 12 Machi 2008 msafara uliongozwa na mtafutaji wa mabaki ya meli David Mearns, kwa niaba ya taasisi iliyoundwa kwa kusudi hilo na kusaidiwa na serikali, uliipata Kormoran katika kina cha mita 2,560 hivi. Siku chache baadaye, tarehe 16, ukaipata Sydney katika kina cha mita 2,468, kiasi cha maili 12 za baharini kutoka kwa adui wake na kilomita 207 kutoka Steep Point. Mahali ambapo Kirsner na Dunn walipataja palikuwa na tofauti ya kilomita chache tu. Miaka 66 walikuwa wakielezwa ukweli, na walioueleza walikuwa mabaharia wa Kijerumani waliolowa, wenye njaa, waliohojiwa katika lugha isiyo yao.

Picha zilionyesha omo iliyovunjika na kuanguka mbali na kiwiliwili cha meli, mahali ambapo topido ilipiga. Zilionyesha daraja na mizinga vikiwa vimepigwa mara nyingi mno, na mashua za kuokolea zikiwa zimeharibika. Swali la "vipi hakuokoka hata mmoja" likapata jibu la chuma: watu wengi walikwisha kufa kabla ya meli kuzama, na waliobaki hawakuwa na cha kuelea nacho. Tume iliyoongozwa na Terence Cole, iliyotoa ripoti mwaka 2009, ilikataa habari za nyambizi ya Kijapani na za mauaji ya waliokuwa majini, ikasema pia kwamba Kapteni Burnett alikosea kusogea karibu na meli ambayo alipaswa kuishuku, kwani Straat Malakka haikutazamiwa kuwa katika eneo lile.

Hukumu hiyo ya mwisho ilikuwa nzito kwa jamaa za Burnett na kwa wengine pia. Kuna tofauti kati ya kupewa kaburi na kupewa kosa, na mwaka 2009 zilitolewa pamoja. Wapo waliotoa pumzi. Wapo ambao hawakuridhika, na hatuna haki ya kuwacheka: mtu aliyeishi miaka sitini na maelezo fulani ya kifo cha baba yake hayavui kama koti kwa sababu ya picha za roboti.

Mtu wa kisiwa cha Christmas

Mnamo Februari 1942, miezi miwili na nusu baada ya vita, chelezo kilielea hadi kisiwa cha Christmas, mamia ya maili kaskazini. Ndani yake mlikuwa na maiti ya mtu aliyevaa nguo ya kazi iliyopauka kwa jua hadi kuwa nyeupe. Wenyeji walimzika kwa heshima. Wiki chache baadaye Wajapani wakakiteka kisiwa, na alama ya kaburi ikapotea.

Msafara wa mwaka 2001 ulilitafuta kaburi bila mafanikio. Wa mwaka 2006 ukalipata. Mifupa ilikuwa imekunjwa magoti, maana waliomzika hawakuweza kuinyosha maiti, wakaunda jeneza kufuata jinsi alivyokaa. Katika fuvu palikuwa na kipande cha chuma cha bomu la Kijerumani. Tarehe 19 Novemba 2008 alizikwa upya katika makaburi ya vita ya Geraldton, bila jina. Watafiti wakaendelea, kwa meno, kwa nasaba za familia zilizotoa damu na mate, hadi tarehe 19 Novemba 2021, miaka 80 kamili, ilipotangazwa kwamba ni Thomas Welsby Clark, baharia kutoka Brisbane, aliyekuwa na umri wa miaka 21 na ambaye alikuwa amejiunga na manowari miezi michache tu kabla.

Hakuna mzazi wake aliyekuwa hai kupokea habari. Iliwafikia jamaa waliozaliwa baadaye, waliomjua kwa picha na kwa jina tu. Katika kipindi cha kati, kuanzia mwaka 2006 hadi 2021, maiti ile moja ilikuwa ya familia zote: kila nyumba iliyotoa mate kwa ajili ya vipimo iliweza kudhani kwamba ni wake. Siku ya kutangazwa nyumba moja ilipata kaburi, na nyumba 644 zikalipoteza. Hatukuona hilo likisemwa katika hotuba za siku ile.

Geraldton

Mji wa Geraldton, ulio karibu zaidi na mahali hapo kuliko miji mingine ya ukubwa wake, ulijenga ukumbusho juu ya kilima cha Scott, uliozinduliwa mwaka 2001, wakati ambapo hakuna aliyejua meli ilipo. Paa lake ni kuba la shakwe 645 wa chuma, kila mmoja kwa ajili ya mtu mmoja. Pembeni amesimama mwanamke wa shaba, ameshika kofia yake kwa mkono mmoja dhidi ya upepo, akitazama baharini. Anaitwa Mwanamke Angojaye.

Mwaka 2011 liliongezwa bwawa la kumbukumbu, lenye ramani ya pwani na shakwe mmoja ambaye ncha ya bawa lake inaonyesha mahali meli ilipopatikana. Mwanamke wa shaba hakuondolewa wala hakugeuzwa. Wageni huambiwa kwamba tangu aliposimamishwa, miaka saba kabla ya ugunduzi, alikuwa akitazama upande uleule. Tumejizuia kupima ramani kuona kama ni kweli.